Nasingi Homu ni Nini? Historia ya Jina Hili na Haki za Aliyelazwa

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala kuhara. Tutazungumza juu ya jina, jina ambalo limeandikwa kwenye ubao mtaani kwako. Ukitoka Buruburu hadi Umoja, ukaingia Kayole, ukarudi kwa njia ya Dandora na Kariobangi, utaliona mara nyingi: nasingi homu.

Sisi wa Eastlands tunalijua. Nasingi homu ni pale jirani alipojifungulia usiku, au pale baba alipowekewa maji baada ya malaria. Lakini nikiuliza: mbele ya sheria, nasingi homu ni nini? Na yule aliyelala kwenye kitanda cha pale ni nani? Je, ni mgonjwa? Ni mgeni? Ni mdaiwa? Siku daktari akisema uende nyumbani na pesa hazijatosha, wewe ni nani?

Maswali haya yanaonekana ya wanasheria. Kwa kweli ni ya mama. Katika historia ya jiji letu, kuna wanawake waliolala sakafuni na watoto wachanga kwa sababu hakukuwa na jibu wazi. Na jibu lilipopatikana, lilipatikana kwa sababu ya akina mama waliojifungulia hapa hapa Pumwani. Kwa hivyo keti, mnyonyeshe mtoto, tusimuliane.

JINA LILITOKA WAPI

Jina hili lilikuja na Waingereza. Kule Uingereza, mwanzoni mwa karne iliyopita, watu wenye uwezo hawakupenda kulazwa katika hospitali za maskini. Walilipia vyumba katika nyumba za watu binafsi, na wauguzi wakawahudumia humo. Baadhi ya nyumba hizo zilikuwa nzuri. Nyingine zilikuwa chafu, na hapakuwa na mtu wa kuzikagua.

Ndipo bunge lao likatunga sheria mbili. Ya kwanza ni ya mwaka 1926, juu ya wakunga na nyumba za uzazi. Ya pili ni ya 1927, ya kusajili nasingi homu. Sheria hiyo ya 1927 ilieleza maana kwa maneno machache: ni jengo lolote linalotumiwa kupokea na kuuguza watu wenye ugonjwa, jeraha au udhaifu wa mwili. Halafu ikaongeza kwamba nyumba ya uzazi nayo imo ndani ya maana hiyo.

Tazama jambo hilo, mama. Tangu mwanzo, kwa Waingereza, mahali pa kuuguza wagonjwa na mahali pa kujifungulia viliwekwa ndani ya jina moja. Ndiyo maana hadi leo Nairobi, ukisema nasingi homu, mtu wa kwanza anayekuja akilini ni mama mja mzito.

Sheria ile ililenga jengo na mwenye jengo. Lazima asajiliwe, na lazima akubali kukaguliwa. Haikusema mengi juu ya yule aliyelala kitandani. Hilo ni la kukumbuka, maana tutalirudia.

PUMWANI, MWAKA 1926

Mwaka ule ule wa 1926, jambo lingine lilitokea hapa kwetu. Wakati huo gavana wa koloni alikuwa Sir Edward Grigg. Mkewe, Lady Grigg, alianzisha chama cha kushughulikia afya ya akina mama na watoto, na chama hicho kikafungua nyumba ya uzazi Pumwani, mtaa uliokuwa umetengewa Waafrika. Wakati huo wanawake wengi Waafrika jijini walikuwa wakijifungulia nyumbani, mikononi mwa wakunga wa jadi. Nyumba ile ilizalisha akina mama, na pia ilifundisha wasichana Waafrika kazi ya ukunga.

Mwaka 1944 hospitali ile ilikabidhiwa baraza la jiji. Baadaye ikaitwa Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, na ikakua hadi kuwa mojawapo ya hospitali kubwa zaidi za uzazi Afrika Mashariki. Tangu 2013 iko chini ya Kaunti ya Nairobi. Watu wengi wanaosoma kijitabu hiki walizaliwa pale. Ukimuuliza nyanya yako, huenda naye atakwambia alijifungulia pale.

KULE MAREKANI MAANA NI NYINGINE

Wengi wetu tuna dada, kaka au binamu anayefanya kazi Marekani. Akipiga simu anasema anafanya kazi nasingi homu. Jirani akisikia anadhani anazalisha akina mama. Sivyo. Kule jina hilo ni la makao ya watu wanaohitaji kuuguzwa kwa muda mrefu, na wengi wao ni wazee. Wengine hukaa miaka, hadi kufa.

Kwa sababu watu hao wanaishi pale, Wamarekani walilazimika kuuliza swali ambalo Waingereza wa 1927 hawakuliuliza sana: huyu anayekaa ndani ana haki gani? Kulikuwa na malalamiko mengi ya wazee kufungwa kamba kwenye viti, kupewa dawa za kuwalaza ili wasisumbue, na kufukuzwa pesa zao zikiisha. Mwaka 1987 walitunga sheria ya kurekebisha makao hayo, na ikataja haki za mkaaji moja baada ya nyingine: kuchagua daktari wake, kuwa na faragha, kutofungwa kwa kamba wala kwa dawa kwa ajili ya adhabu au urahisi wa wafanyakazi, kulalamika bila kulipiziwa kisasi, na kutohamishwa ghafla. Kwa kawaida lazima apewe notisi ya siku 30.

Simulizi hii ya ng'ambo ina funzo kwetu. Maana ya jengo ikishaandikwa, kazi imefika nusu tu. Nusu ya pili ni kuandika aliye ndani ya jengo ni nani na ana haki gani. Sisi Kenya ile nusu ya pili ilichelewa.

BURE, HALAFU KULIPA

Baada ya uhuru, mwaka 1965, serikali ya Kenya iliondoa ada katika vituo vyake vya afya. Mama alienda, akahudumiwa, akarudi. Lakini jiji likawa kubwa. Katika miaka ya 1970 mitaa kama Umoja na Dandora ilijengwa, familia zikahamia, na hospitali za serikali hazikuongezeka kwa kasi ile. Foleni zikawa ndefu.

Desemba 1989 serikali ilirudisha ada, katika mpango ulioitwa kugawana gharama. Ulisimamishwa kwa muda 1990, halafu ukarudishwa 1992. Kuanzia hapo, hata katika hospitali ya umma, mama alijua kuna bili mwisho wa safari.

Katika hali hiyo nasingi homu za watu binafsi ziliongezeka mitaani. Nyingine zilifunguliwa na madaktari, nyingine na maafisa wa kliniki, nyingine na wauguzi na wakunga waliostaafu. Nisiseme vibaya, nyingi zimeokoa maisha. Usiku wa manane, matatu hakuna na uchungu umeanza, nasingi homu ya karibu ni baraka. Lakini ni biashara pia, na biashara inataka kulipwa.

Mwaka 2005 mpango wa taifa wa afya ulipanga vituo vyote katika ngazi 6. Ngazi ya kwanza ni jamii yenyewe, yaani nyumbani kwako na wahudumu wa afya wa mtaani. Ya pili ni zahanati na kliniki. Ya tatu ni vituo vya afya, nyumba za uzazi na nasingi homu. Ya nne hadi ya sita ni hospitali, kutoka ndogo hadi zile kubwa za rufaa kama Kenyatta.

Huu ni ujuzi wa kuokoa maisha, mama. Ngazi ya tatu kwa kawaida hutarajiwa kumzalisha mama asiye na matatizo. Ukiwa na presha ya juu, ukiwa umewahi kufanyiwa upasuaji, ukiwa na mapacha au ukiwa unatokwa na damu, unahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji na damu ya kuongezewa. Ubao wa nje unaweza kuandikwa chochote. Leseni iliyobandikwa ukutani ndiyo inayosema ngazi yake. Isome.

LANGO LINALOFUNGWA

Sasa tufike kwenye jambo zito.

Mama amejifungua salama. Siku ya pili daktari anapita wodini, anaandika kwenye faili kwamba aruhusiwe kwenda nyumbani. Mama anaenda ofisi ya malipo. Bili ni kubwa kuliko alicho nacho. Anaambiwa arudi wodini mpaka watu wake walipe. Langoni kuna soja, na bila karatasi ya kutoka hapiti. Kitanda chake kimepewa mama mwingine aliyeanza uchungu, kwa hivyo analala na mwenzake kitanda kimoja, au sakafuni. Na kila siku anayolala pale, bili inaongezeka. Deni linazaa deni.

Kwa jicho la muuguzi, hii ni hatari. Mama aliyetoka kujifungua ana kidonda ndani ya tumbo la uzazi, pale kondo lilipokuwa. Kama ameshonwa, ana kidonda kingine. Wodi iliyojaa ina vijidudu vingi kuliko nyumbani. Mtoto mchanga hana kinga ya kutosha, na kikohozi cha kitanda cha pili kinaweza kuwa nimonia kwake. Mama asiyekula vizuri na mwenye mawazo hupata shida kunyonyesha. Na nyumbani ameacha watoto wengine na jirani. Mtu akiwa mgonjwa hospitali inamponya. Akiwa amepona halafu akazuiliwa, hospitali hiyo hiyo inaweza kumuuguza.

Jambo hili halikuwa siri. Mwaka 2007 FIDA Kenya, chama cha wanasheria wanawake, pamoja na Center for Reproductive Rights ya Marekani, walitoa ripoti juu ya mateso ya wanawake katika vituo vya uzazi Kenya. Kuzuiliwa kwa sababu ya bili kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyosimuliwa. Lakini hospitali ziliendelea. Zilisema: tukiwaachilia, nani atalipa dawa na mishahara?

Swali hilo lina uzito, na sitalidharau. Hata hivyo kuna swali la kwanza kabla ya hilo. Ni sheria gani inayompa mwenye hospitali uwezo wa kumfungia mtu mzima na mtoto wake?

KESI YA AKINA MAMA WAWILI

Agosti 2010 Kenya ilipata katiba mpya. Kifungu cha 28 kinasema kila mtu ana heshima yake ya utu. Kifungu cha 29 kinakataza kumnyima mtu uhuru bila sababu ya haki, na kinakataza kumtendea ukatili au kumdhalilisha. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachowezekana, pamoja na afya ya uzazi, na kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Mwaka huo huo wa 2010, akina mama wawili walijifungua Pumwani na wakazuiliwa kwa kukosa kulipa. Mwaka 2012 walikwenda Mahakama Kuu jijini Nairobi. Katika kumbukumbu za mahakama mlalamishi wa kwanza ametajwa kwa herufi tu, na sisi hatutatafuta majina yao. Walikuwa wanawake wa kawaida, kama wewe na mimi. Hawakuwa na pesa ya bili, lakini walipata watu wa kuwasaidia kuandika malalamiko.

Tarehe 17 Septemba 2015 Jaji Mumbi Ngugi alitoa uamuzi. Alisema kuwazuilia akina mama wale hakukuwa na msingi wowote wa kisheria. Uhuru wao, utu wao na haki yao ya afya vilivunjwa, na namna walivyotendewa ilikuwa ya kikatili na ya kudhalilisha. Mahakama iliamuru wa kwanza alipwe fidia ya shilingi milioni 1.5 na wa pili shilingi 500,000. Zaidi ya hapo iliagiza serikali ichukue hatua za kulinda wagonjwa wote wasizuiliwe, na iweke utaratibu ulio wazi wa kuwasamehe ada wasio na uwezo katika hospitali za umma.

Ukiondoa maneno ya kisheria, mahakama ilijibu lile swali letu la mwanzo. Aliyeruhusiwa na daktari ni mtu huru. Anaweza kuwa na deni, lakini deni halimfanyi kuwa mfungwa.

Mtu atasema hiyo ilikuwa hospitali ya umma, vipi ile ya mtu binafsi? Mwaka 2018 Mahakama Kuu Nairobi ilipata kesi juu ya hospitali ya kibinafsi. Ikasema vivyo hivyo: kumfungia mgonjwa si njia halali ya kudai deni. Mwenye deni anadaiwa kwa njia wanazotumia wadai wengine wote, yaani kwa makubaliano au mahakamani. Tangu 2021 kuna hata Mahakama ya Madai Madogo, kwa madeni yasiyozidi shilingi milioni 1. Mwenye nasingi homu hana haja ya soja. Ana mahakama.

Na hata waliofariki wamesemewa. Mwaka 1998 Mahakama Kuu Mombasa ilisema mwili wa marehemu si mali, na hospitali haiwezi kuushika kama rehani ya bili.

YALIYOBADILIKA NA YALIYOBAKI

Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kujifungua bila malipo katika vituo vya umma. Baadaye mpango ukahamia NHIF kwa jina la Linda Mama, na vituo vya kibinafsi vilivyojiunga vikaingia pia. Oktoba 2024 NHIF ilifungwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ikachukua kazi yake. Linda Mama ikawa Linda Jamii. Jambo la kujua ni kwamba sasa familia inatakiwa iwe imejisajili na SHA na iwe imelipa mchango wake ili bili ya kulazwa na kujifungua ilipiwe. Ile desturi ya kungoja mpaka uchungu uanze ndipo utafute kadi, tuiache.

Mwaka 2017 tulipata Sheria ya Afya. Hii ndiyo iliyokuja kueleza kwa upana kituo cha afya ni nini. Ni taasisi, jengo au mahali popote, pawe pa umma au pa mtu binafsi, pa faida au pasipo faida, panapotoa tiba ya kulazwa au ya kutibiwa na kurudi, uuguzi, huduma ya kupona polepole, au huduma nyingine ya afya. Kwa hivyo mwenye nasingi homu hawezi kusema, “Hapa ni kwangu, nafanya nipendavyo.” Jengo ni lake, lakini kazi inayofanyika ndani imo chini ya sheria. Sheria hiyo hiyo inasema kituo chenye uwezo kikikataa kutoa matibabu ya dharura kimetenda kosa, na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 3. Mama anayetokwa na damu haambiwi kwanza alipe ndipo ashikwe mkono.

Je, kuzuiliwa kumekwisha? Hapana. Sisi tunaotembea nyumba kwa nyumba bado tunasikia. Sheria iliyo kwenye kitabu haifiki langoni yenyewe. Inafikishwa na mtu anayeijua.

NA WAZEE WETU?

Mlezi mwingine anasikiliza akiwa na mzee ndani ya nyumba. Hapa kwetu makao ya wazee ni machache. Yako Kariobangi, yako Kasarani, na wanaoyaendesha mara nyingi ni watawa na wahisani. Wazee wengi hutunzwa nyumbani na binti au mkaza mwana. Kifungu cha 57 cha katiba kinasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima bila kuteswa, kushiriki katika mambo ya jamii, na kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na serikali.

Kwa hiyo akiwa kwenye makao au chumbani kwako, mzee si mzigo uliowekwa pembeni. Asifungwe kitandani ili asitangetange. Asipewe vidonge vya usingizi ambavyo daktari hakuandika. Akisema ana maumivu, asikilizwe. Mzee asiyegeuzwa kitandani hupata vidonda vya mgongoni na kiunoni, kwa hivyo mgeuze kila baada ya saa 2. Haki ya mzee huanzia kwenye mkono unaomgeuza.

TUFANYE NINI

Kabla ya kujifungua:
- Anza kliniki ya waja wazito mapema, usingoje tumbo lionekane. Tunza kijitabu cha mama na mtoto.
- Jisajili na SHA pamoja na familia yako. Unaweza kutumia simu kwa *147#, ukiwa na kitambulisho. Hakikisha mchango umelipwa.
- Tembelea kituo unachotaka kujifungulia. Soma leseni ukutani na uulize ngazi yake. Uliza bei, na uandike. Uliza pia: ikitokea tatizo usiku, mnanipeleka wapi, na kwa gari gani?
- Weka akiba kidogo kidogo, hata kupitia chama chenu. Wanawake wengi mitaani hufanya hivyo, na husaidia.

Ukiwa umelazwa:
- Una haki ya kuelezwa ugonjwa wako na matibabu yako kwa lugha unayoielewa, na kukubali au kukataa kabla hujaguswa.
- Una haki ya faragha na ya siri zako kutunzwa.
- Omba bili iliyoandikwa kitu kimoja kimoja, na uombe mapema. Ukiona pesa hazitatosha, usingoje siku ya kuondoka. Mwone afisa wa maslahi ya jamii wa hospitali umweleze hali yako. Katika hospitali ya umma, uliza juu ya msamaha wa ada.

Ukiruhusiwa na ukazuiliwa:
- Zungumza kwa upole, maana muuguzi wa zamu si mwenye hospitali. Omba kumwona msimamizi.
- Kubali kuandikiana namna ya kulipa kwa awamu. Baki na nakala.
- Andika tarehe na saa daktari aliyokuruhusu.
- Mtu wa nyumbani aende kwa chifu, au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu, FIDA Kenya au Kituo cha Sheria. Malalamiko juu ya kituo hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, na juu ya muuguzi kwa Baraza la Wauguzi.
- Ukiona homa, damu nyingi, usaha, kichwa kinauma sana, au mtoto hanyonyi, sema mara moja. Hata kama una deni, wewe bado ni mgonjwa anayestahili kutibiwa.

Na sasa neno kwa upande wa pili. Dawa ya deni ni kulipa. Mahakama haikusema bili ifutwe. Ilisema mtu asifungwe. Ukitoka kwa makubaliano ya kulipa shilingi 500 kila mwezi, lipa. Nasingi homu ya mtaani ikifungwa kwa madeni, mama mwingine atakosa pa kwenda usiku. Haki ya mmoja isiwe hasara ya mwingine.

YA KUKUMBUKA

Kwanza, ubao wa nje hautoshi. Leseni ndiyo inayosema mahali pale ni nini. Pili, uwe umelala hospitali ya umma au nasingi homu ya mtu binafsi, wewe ni mtu mwenye haki zako zote. Tatu, siku ya kuruhusiwa wewe ni mtu huru, na deni lina njia yake.

Miaka 89 ilipita kati ya nyumba ya uzazi ya Pumwani kufunguliwa na uamuzi ule wa 2015. Kwa miaka hiyo akina mama walipita langoni pale bila kujua kama sheria iko upande wao. Wewe sasa unajua. Mwambie jirani, na umwambie binti yako kabla hajashika mimba ya kwanza.

Katika mazungumzo yajayo tutaangalia dalili za hatari kwa mtoto mchanga katika siku 28 za kwanza. Hadi wakati huo, mama, jitunze. Mlezi, nawe pumzika kidogo. Kwaheri ya kuonana.